Sarafu za nyundo katika sanduku la babu: namna ninavyozitambua

Marehemu babu yangu mzaa mama alifanya biashara ya nguo mjini Tanga kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na kila alipopata sarafu ya kale, iwe kwa kulipwa, kwa kupewa zawadi au kwa kuinunua kwa sonara kabla haijatiwa motoni, aliifunga katika karatasi na kuiweka. Mirathi yake ilipogawanywa, ndugu zangu waliridhia sanduku hilo lije kwangu, na tangu hapo kazi yangu ya jioni imekuwa kuipa kila sarafu nasaba yake: ni ya nani, ilipigwa wapi na lini. Hapa ninaeleza jinsi ninavyofanya kazi hiyo kwa sarafu zilizogongwa kwa nyundo, kwa sababu ndizo ngumu kuliko zote na ndizo zinazosemewa uongo mwingi zikipita mkono kwa mkono, na kwa sababu najua nyumba nyingi za pwani zina kopo au mfuko wa sarafu za namna hiyo ambazo hakuna aliyepata kuzisoma.

Msimamo wangu ni kwamba sarafu ipewe jina lile tu ambalo maandishi yake, umbo lake na mahali ilipopatikana vinalithibitisha, na pale ushahidi unapokoma, maelezo nayo yakome. Wanaorithi sarafu hukimbilia kuuliza mwaka na bei, ilhali mwaka ndicho kitu ambacho sarafu hizi hukisema kwa udhaifu zaidi: nyingine hazina mwaka kabisa, na nyingine zina mwaka ulioandikwa waziwazi ambao si mwaka zilipotengenezwa.

Kazi ya kwanza ni kuzitenga sarafu za nyundo na zile za mashine. Katika kupiga kwa nyundo, chapa ya chini hukazwa ndani ya gogo au fuawe, kipande cha madini huwekwa juu yake, kisha chapa ya juu hushikwa kwa mkono na kugongwa. Alama za mkono huo hazifichiki. Sarafu haiwi duara kamili, ukingo wake ni mtupu na mara nyingi umepasuka kidogo, unene wa upande mmoja haulingani na wa upande mwingine, na ukiigeuza utaona kwamba maandishi ya upande wa pili yamekaa kwa mshazari wowote ule, kwa kuwa mgongaji hakuwa na haja ya kuzilinganisha chapa mbili. Muhimu zaidi ni kwamba chapa mara nyingi ilikuwa pana kuliko kipande cha madini, au kipande hakikukaa katikati, kwa hiyo sehemu ya maandishi iliangukia nje ya sarafu. Maandishi hayo hayakufutika kwa kutumika. Hayakuwahi kuwapo juu ya sarafu hiyo. Anayeanza kazi hii hana budi kulikubali jambo hili mapema, la sivyo ataendelea kuisugua sarafu akitafuta herufi ambazo hazikupata kugongwa.

Kwa kipimo hiki sarafu mbili zinazopatikana kwa wingi pwani huondoka mezani mara moja. Reale ya Maria Theresa, mtawala wa Austria, yenye mwaka 1780, ina ukingo wenye maneno ya Kilatini yasemayo IUSTITIA ET CLEMENTIA, na hakuna nyundo ya mkono inayoweza kuandika ukingoni kwa usafi wa namna ile. Pesa ya shaba ya Sayyid Barghash yenye picha ya mizani na mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882, nayo ni duara safi na pande zake mbili zimelingana. Hizo ni sarafu za thamani kwa historia ya Zanzibar, lakini zina usomaji wake mwingine.

Kabla ya kusoma chochote, neno kuhusu usafi. Pwani tumezoea kung'arisha shaba kwa ndimu, kwa ukwaju au kwa majivu, na sinia zetu hung'aa kwa njia hiyo. Sarafu ya shaba ya kale isiguswe na kimojawapo cha hivyo. Herufi zake zimeinuka kwa unene mdogo sana, na ile ngozi ya kijani au ya kahawia iliyoifunika kwa karne nyingi mara nyingi ndiyo iliyobaki na umbo la herufi, huku madini ya chini yake yakiwa yameshaliwa. Asidi ikiiondoa ngozi hiyo, herufi huondoka nayo, na hakuna ufundi wa kuzirudisha. Mimi hutumia maji yaliyokenekwa (distilled water) kutoka duka la dawa na brashi laini kuondoa mchanga tu, kisha hukausha kwa kitambaa bila kusugua. Kama juu ya shaba kuna madoa ya kijani kibichi yenye ungaunga yanayozidi kuenea, huo ni ugonjwa wa shaba unaochochewa na chumvi na unyevu. Sarafu hiyo itengwe mahali pakavu peke yake na ionyeshwe mtaalamu wa makumbusho.

Kifaa kinachonisaidia kuliko vyote ni mwanga. Taa ikiwekwa juu ya sarafu, uso wote huonekana sawa; ikilazwa pembeni karibu na usawa wa meza, kila mstari uliobaki hutupa kivuli chake. Huizungusha sarafu polepole chini ya mwanga huo huku nikiiangalia kwa kioo cha kukuzia, na herufi isiyoonekana ikitazama kaskazini huweza kujitokeza ikitazama mashariki. Baada ya hapo hupiga picha kadhaa, kila moja mwanga ukitoka upande tofauti, na huchora kwa penseli kile tu ninachokiona, bila kuunganisha mistari iliyokatika. Uzani huupima kwa mizani ndogo ya sonara yenye kusoma sehemu za mia za gramu, na kipenyo hukipima mara mbili, mahali papana na mahali pembamba.

Sasa niingie kwenye sarafu zinazonigusa zaidi, nazo ni vipande vya shaba vyeusi, vyembamba, ambavyo babu aliviandikia kwa hati ya Kiarabu: “za Kilwa”. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu za shaba kwa karne kadhaa, na maelfu yake yamepatikana Kilwa Kisiwani na Mafia. Mtu aliyeziwekea msingi wa usomaji ni John Walker wa British Museum, ambaye mwaka 1936 alichapisha orodha ya masultani wanaotajwa juu yake. Sarafu hizi za shaba hazina mwaka wala jina la mji. Uzani wake hubadilikabadilika sana hata kwa sultani mmoja, hivyo mizani haisaidii kuzibagua. Kilichobaki ni maandishi, na maandishi hayo yana jambo ambalo msomaji wa Kiswahili, aliyelelewa katika mashairi, ana haki ya kulifurahia kabla ya mtu mwingine yeyote: sarafu za Kilwa zina vina.

Upande mmoja una jina la sultani na la baba yake, na upande mwingine una maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu yaliyochaguliwa ili yaishie kwa sauti ileile ya jina. Sarafu ya al-Hasan bin Sulaiman inasema kwamba yeye anamtegemea al-Wahid al-Mannan, Mmoja Mwingi wa kutoa, na al-Mannan inafungamana na Sulaiman. Sarafu ya Sulaiman bin al-Hasan inasema kwamba anamtegemea Mawla al-minan, Bwana wa neema, na al-minan inafungamana na al-Hasan. Ali bin al-Hasan naye ana al-minan. Kwa hiyo sarafu nzima ni ubeti wa mishororo miwili, mmoja kila uso, na anayetaka kuumaliza lazima aigeuze mkononi. Huko nyuma mtu fulani katika kasri la Kilwa alikaa akatafuta maneno yatakayofuatana na jina la bwana wake, na kazi yake ikaingia sokoni ndani ya kipande cha shaba cha kununulia kitu kidogo. Sijui mahali pengi ambapo ushairi umewahi kuteremka chini kiasi hicho na bado ukabaki na adabu yake.

Kwa mtu anayetambua sarafu, vina hivyo ni chombo cha kazi. Nichukue moja iliyo mbele yangu wakati naandika. Imegongwa nje ya katikati, kiasi kwamba upande wa jina umebaki na “bin al-Hasan” kwenye mstari wa chini, huku mstari wa juu ukiwa na vipande tu: mkia unaorudi nyuma chini ya mstari, na kabla yake kijiti kimoja kilichosimama. Upande wa pili nusu yake imelika. Swali la kwanza ni kama kweli ni “bin al-Hasan”, au ni “al-Hasan bin” fulani na nimechanganya mpangilio wa mistari, kosa ambalo ni rahisi sana kwa sarafu ambazo baba na mwana hupokezana majina kizazi baada ya kizazi. Jibu liko upande wa pili. Katika hati ya Kiarabu isiyo na irabu, al-minan na al-Mannan hutofautiana kwa herufi moja tu, alifu iliyosimama kabla ya herufi nuni ya mwisho. Nikilaza taa, naona nuni mbili zinafuatana kwenye msingi mmoja wa mstari, bila alifu kati yake. Basi kina ni al-minan, na jina la baba lazima liwe al-Hasan. Sehemu iliyoharibika ya upande mmoja imesomwa kwa msaada wa upande mwingine.

Swali la pili ni mwana yupi. Sulaiman ana meno ya sini yaliyofuatana na mwili mrefu wa herufi, na hauwezi kukaa katika nafasi niliyo nayo. Daud bin al-Hasan, ambaye pia yumo katika orodha ya waliopiga sarafu, huandikwa kwa herufi zisizoungana na hakuna mkia wa kurudi nyuma mwishoni mwake. Ali ana aini, lamu iliyosimama na ya yenye mkia. Kijiti kilichosimama na mkia unaorudi vinamkubali Ali na vinawakataa wenzake. Nimeiandika: Kilwa, shaba, Ali bin al-Hasan, usomaji wa jina kwa mabaki ya herufi mbili, usomaji wa baba umethibitishwa na kina.

Ali bin al-Hasan ni nani na ni wa lini, hilo limewashughulisha wataalamu kwa miaka mingi. Historia ya Kilwa ya kale imetufikia kwa njia mbili, kwa muhtasari wa Kireno uliomo katika kitabu cha João de Barros kilichochapishwa mwaka 1552 na kwa hati ya Kiarabu iliyohifadhiwa London, na orodha zao za wafalme hazilingani. Ali anatajwa humo kama mwanzilishi wa ukoo uliotoka Shirazi. Kilichosaidia kumpa karne si vitabu bali ardhi. Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba, ilipatikana hazina ya zaidi ya sarafu 2,000 ndogo za fedha zilizopigwa na watawala wa pwani, nyingi zikiwa na majina na vina kwa mtindo uleule, na pamoja nazo dinari za dhahabu za Kifatimi, yaani za makhalifa waliotawala Misri, ambazo zina miaka. Dinari hizo zikazivuta zile za fedha hadi karne ya 11, na jina la Ali bin al-Hasan lilikuwamo. Hivyo sarafu isiyo na mwaka hupata mwaka kutoka kwa jirani iliyozikwa nayo.

Al-Hasan bin Sulaiman ana shahidi wa aina nyingine. Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco, alifika Kilwa mwaka 1331 akamkuta sultani wa jina hilo, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake, na ndiye anayehusishwa na kasri la Husuni Kubwa. Sarafu za shaba zenye jina lake ni nyingi, na moja ilipatikana Great Zimbabwe, mbali kabisa na bahari, katika nchi iliyokuwa ikitoa dhahabu iliyopita Kilwa. Yeye pia ndiye aliyepiga dhahabu: vipande vitatu vyenye jina lake vilitangazwa na mtaalamu wa sarafu Helen Brown mwaka 1991. Hata hivyo, ukisoma al-Hasan bin Sulaiman au Sulaiman bin al-Hasan juu ya shaba yako, usikimbilie kumtaja sultani aliyempokea Ibn Battuta au baba yake. Majina hayo yanajirudia katika ukoo, na jina lililosomeka kikamilifu huweza bado kuwa la zaidi ya mtu mmoja. Mimi huandika jina kama lilivyo, na kuhusu enzi huongeza “karne ya 14, huenda” pale tu mtindo wa herufi unapofanana na wa vipande vilivyochimbwa mahali panapojulikana.

Zile ambazo jina limepotea kabisa huziandika “aina ya Kilwa”, neno wanalolitumia wanaakiolojia wenyewe. Zipo zenye jina la Nasir al-Dunya, ambazo hazina jina la baba na ambazo nafasi yake katika orodha ya masultani bado inajadiliwa. Hizo nazo hupata jina lililoandikwa na basi.

Hapa nieleze kwa nini karatasi za babu ninazithamini sawa na sarafu zenyewe. Juu ya vipande vya shaba aliandika mara nyingine mahali tu: “Mafia”, au “Kisimani, kwa mvuvi”. Mtoto wa mjini angezitupa karatasi hizo na kuziweka sarafu katika albamu safi ya plastiki. Lakini mahali ilipookotwa ni nusu ya utambulisho wa sarafu ya Kilwa. Mwaka 1944 mwanajeshi wa Australia aitwaye Maurie Isenberg aliokota sarafu tisa ufukweni katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo: nne za Kampuni ya Kiholanzi ya Mashariki ya India na tano za Kilwa. Alizikumbuka baada ya zaidi ya miaka thelathini, akazipeleka kutambuliwa mwaka 1979, na pamoja na maelezo yake ukabaki mchoro wa ramani aliotia alama ya X mahali alipoziokota. Bila alama hiyo, sarafu zile tano zingekuwa shaba ya Kilwa kama maelfu ya wenzake. Kwa sababu ya alama hiyo, watafiti wamerudi visiwani humo kutafuta zimefikaje huko. Kwa hiyo kila sarafu yangu inakaa na karatasi yake ya zamani, hata kama imechakaa na hata kama ninaamini babu aliambiwa visivyo na aliyemuuzia.

Kundi la pili kwa wingi ni fedha ndogo nene, za takriban gramu 4.6, ambazo kwa miaka mingi nyumbani tulizisikia zikiitwa “za Kiarabu” kwa sababu ya maandishi yake. Ni kori, sarafu za Kutch na Nawanagar huko magharibi mwa India, na kuwapo kwake Afrika Mashariki hakuhitaji ufafanuzi mrefu: wafanyabiashara wa Kutch walivuka na majahazi kutoka Mandvi na Mundra kwa vizazi vingi, na kampuni ya Jairam Shivji, ambayo asili yake ni Mundra, ilikodi forodha ya Zanzibar kwa sehemu kubwa ya karne ya 19.

Kori ndiyo iliyonifundisha kutoamini mwaka. Upande wenye hati ya Kiarabu una jina la Muzaffar Shah, sultani wa mwisho wa Gujarat, na tarakimu 978, ambazo kwa hati hiyo ni tisa inayofanana na yetu, saba yenye umbo la V na nane iliyo V iliyopinduliwa. Kubadili Hijria kuwa miladia zidisha kwa 0.97 kisha ongeza 622. 978 inakupa 1570. Mrithi mwenye furaha ataishia hapo na kutangaza kwamba ana fedha ya zaidi ya miaka mia nne na nusu. Lakini Akbar, mfalme wa Wamughal wa kaskazini mwa India, aliiteka Gujarat mwaka 1573, na watawala wadogo wa Nawanagar waliendelea kupiga fedha kwa jina lilelile na mwaka uleule kwa karne tatu zilizofuata, kwa kuwa wafanyabiashara waliiamini fedha yenye sura hiyo. Chapa zilinakiliwa kutoka chapa zilizonakiliwa, na kwa kila nakala herufi zilipoteza maana kidogo, mpaka jina la sultani likawa mapambo ambayo mchongaji mwenyewe huenda hakuweza kuyasoma.

Mwenye sarafu hasa anatajwa upande wa pili, kwa Kidevanagari, hati ya India. Msomaji asiyeijua hati hiyo asikate tamaa, kwa sababu anahitaji kutambua maumbo machache tu. Penye “Shri Jamji” ni Nawanagar, ambako mtawala aliitwa jam, na ndio mji unaoitwa leo Jamnagar. Penye “Rao Shri” na jina kufuatia ni Kutch: Lakhpatji, Raydhanji, Bharmalji, Deshalji. Kori za Kutch za baadaye zina pia alama za mkuki wa ncha tatu, hilali na jambia fupi liitwalo katar, na zile za katikati ya karne ya 19 na baada yake zimeacha jina la Muzaffar na kumtaja Bahadur Shah wa Delhi, kisha Malkia Victoria. Katika zile za Nawanagar, umri hupimwa kwa namna herufi zilivyochakaa umbo, zilizo karibu na asili zikiwa za zamani zaidi, na kipimo hicho ni cha kukadiria tu. Nyingi za babu ni za mtindo wa kuchakaa kabisa, na ninaziandika “Nawanagar, mwaka 978 uliogandishwa, huenda karne ya 18 au 19”. Shemeji yangu mmoja alisononeka nilipomwambia hivyo. Mimi naona kwamba kori iliyosafiri katika jahazi la pembe na nguo inatuhusu zaidi kuliko ambayo ingekuwa imelala Gujarat tangu 1570.

Rupia za nyundo nizipitie upesi. Ni fedha nene za gramu 11 na nusu hivi, zenye jina la Shah Alam wa pili, mfalme wa Wamughal aliyetawala 1759 hadi 1806, na mfumo wake ni wazi kuliko wa nyingine zote: upande mmoja jina la mfalme, upande wa pili mwaka wa utawala wake, maneno “julus maimanat manus” yanayotaja kukalia kwake kiti kwa baraka, na neno “zarb” likifuatwa na jina la mji. Tafuta “zarb” na umeupata mji. Tafuta “sanah” na umeupata mwaka wa utawala. Baadhi zina beti la Kiajemi ambalo mishororo yake inaishia “ilah” na “badshah”, na kwa mara nyingine vina humsaidia msomaji kujaza penye pengo.

Tahadhari ni kwamba Kampuni ya Kiingereza ya Mashariki ya India ilizitwaa chapa hizi na kugandisha miaka yake: 19 kwa Murshidabad, 45 kwa Farrukhabad, 46 kwa Surat. Mwaka 19 wa Murshidabad uliendelea kupigwa Calcutta, kwa hiyo hapo mwaka si wa kweli na mji si wa kweli. Nyingi za zile zilizopigwa kwa mashine zina ukingo uliokatwa mistari, na ukingo huo peke yake unakuambia kwamba ziko nje ya zama za Shah Alam zinazoandikwa juu yake au pembezoni mwake. Rupia yenye mwaka wa utawala usio miongoni mwa hiyo mitatu, ukingo mtupu na jina la mji linalosomeka ndiyo inayostahili kukaliwa jioni nzima.

Kwa kulinganisha hutumia picha za hazina ya British Museum, ambazo zinapatikana bure mtandaoni na zinajumuisha sarafu za Kilwa, na hazina ya picha ya Zeno kwa sarafu za Kiislamu na za India. Nakushauri usome sarafu yako kwanza, uandike ulichokiona, ndipo ufungue picha. Jicho lililoona picha safi kabla huiona ile picha popote linapotazama, na kijiti kisichokuwapo husimama chenyewe.

Kuhusu za bandia, ninaangalia ukingo kabla ya uso. Sarafu iliyomiminwa katika kalibu huwa na mstari wa maungio ulioswagwa kwa tupa, vitundu vidogo vya hewa juu ya uso, na herufi zenye mabega ya mviringo pale ambapo chapa ingeacha ukali. Vipande viwili vyenye ufa uleule mahali palepale haviwezi vyote kuwa vya kweli, kwa kuwa kila kipande hupasuka kivyake kinapogongwa.

Sheria nayo ina nafasi yake. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inavihesabu kuwa malikale vitu vinavyohamishika vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na haviruhusiwi kutoka nje ya nchi bila kibali. Zanzibar na Kenya zina sheria zake. Kwa mtazamo wangu sarafu ya Kilwa isiuzwe kabisa. Majina yaliyo juu yake ni miongoni mwa maandishi machache ya watawala wa pwani yaliyoandikwa na watu wao wenyewe wakiwa hai, na kila kipande kinachopelekwa mnadani ng'ambo bila karatasi yake kinaondoka na sehemu ya ushahidi ambayo hakuna atakayeirudisha. Nimezungumza na wanangu tukakubaliana kwamba za shaba, pamoja na karatasi za babu na michoro yangu, zitakabidhiwa makumbusho nitakapomaliza kuziandikia, na kori na rupia zitabaki nyumbani.

Zilizobaki sasa ni vipande vya shaba ambavyo taa haijavifungua. Kimoja kina herufi ambazo kwa maoni yangu ni mwanzo wa Talut, na kama ndivyo, ni cha al-Hasan bin Talut, babu yake yule sultani aliyempokea Ibn Battuta. Picha zake za pande zote mbili, katika mianga minne, nitaziweka hapa wiki ijayo, na anayeisoma hati hiyo vizuri kuliko mimi aniambie anaona nini kwenye mstari wa juu kabla sijamwambia ninachokiona mimi.